Upande wa Kushoto wa Maganga

Jumatatu, 3 Juni
Maganga amechelewa kunipitia tena hapa Chemchem. Karanga za kuchoma mdomoni, maganda kwenye kiti changu. Ndiye fundi mitambo na dereva wa redio yetu. Gari la ofisi linalala kwake Gongoni. Anapigia honi kila baiskeli. Anaendesha katikati kana kwamba barabara ni ya baba yake. Kila njia panda anauliza, "Dada, kushoto shwari?" Najibu shwari. Nimechoka.

Jumanne, 4 Juni
Maganda tena. Kioo wazi, vumbi la barabara ya Urambo limeingia kwenye kinasa sauti. Nilimwambia afunge. Akacheka: "Mwandishi gani anaogopa vumbi?" Nikacheka pia. Kisha akakwangua ukingo wa daraja, upande wangu. Akaendelea na karanga zake.

Alhamisi, 6 Juni
Tumempita mama mkwe wake, katoka sokoni, kapu kichwani, upande wangu wa barabara. Siku zote Maganga husimamisha gari, hushuka, huinamisha kichwa mpaka mama apite. Kwao mkwe hatazamwi usoni, wala hapitwi kama mti. Leo alimpita kwa mwendo uleule na kumwachia vumbi. Nilidhani wamegombana. Sikuuliza.

Jumamosi, 8 Juni
Mkewe kanipigia simu. Ukoo wao umekaa kikao. Wanasema gari la ofisi limempa Maganga kiburi, na yeye mke ameitwa arudi kwao mpaka mumewe ajieleze. Maganga amewaambia alikuwa na haraka tu. Jibu baya kuliko kosa.
Chai yangu imepoa. Baiskeli, daraja, mama mkwe. Vyote upande mmoja.

Jumatatu, 10 Juni
Nilinyoosha vidole viwili karibu na shavu lake la kushoto. Hakupepesa.
"Maganga, jicho hilo halioni."
Akasimamisha gari. Akakiri halioni tangu mwaka jana. Kwa nini hakuwaambia wakwe? "Nikiwaambia wao, jioni mji mzima unajua. Mkuu wa kituo atanitoa. Watoto watakula nini, dada?"
Kumbe muda wote huu jicho lake la kushoto nilikuwa mimi.
Nimempa mpaka Jumatano amwambie mkuu. Asiposema, nasema mimi. Nikamwambia pia aache kuendesha. Akawasha gari. Mimi gari lile sipandi tena.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kazini kwa bajaji. Hakuna maganda. Nimefurahi.

Jumatano, 12 Juni
Amegonga mtu wa baiskeli njia panda, asubuhi. Alikuwa peke yake garini. Anasema alikuwa anakwenda kumwambia mkuu. Sina ushahidi, ila namwamini.
Aliyegongwa amefariki hospitalini kabla ya adhuhuri. Mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, alikuja mjini kununua dawa ya mke wake. Dawa ilikutwa mfukoni, chupa haikuvunjika.
Taarifa nimeiandika mimi. Sentensi nne. Ya mwisho inasema dereva haoni kwa jicho la kushoto. Mkuu akauliza nimejuaje. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu.
Akaisoma tena. Akaipitisha.

Ijumaa, 14 Juni
Sijalala vizuri. Kwenye bajaji, kila njia panda, natazama kushoto.

Jumapili, 23 Juni
Maganga yuko nje kwa dhamana. Kazi hana. Baada ya ibada nilikwenda Gongoni na karanga. Mkewe amerudi. Ameniambia mama yake aliisikia taarifa redioni, akazima, akasema, "Kumbe hakuniona." Basi. Hakuna kikao tena.
Nikiwa bado pale, mama akaingia uani, bila kuitwa. Maganga akataka kuinuka. Mama akamwashiria akae.
Vigoda vilikuwa pande zote. Alichukua kimoja, akakiweka kushoto kwa Maganga, karibu kabisa, akakaa. Maganga aliendelea kutazama mbele.
Nikagawa karanga. Tukamenya pamoja.