Uzi Mnene wa Babu

Rockwood, Maine
19 Mei

Mpendwa Shangazi Verna,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Natumaini jua la Arizona limekikausha kile kikohozi. Sisi tu wazima. Barafu iliondoka ziwani tarehe tatu.

Nimechelewa kukuandikia kwa aibu, na nataka uisikie kwangu kwanza.

Unajua Babu, baba yako, hakupata samoni hata mmoja mwaka jana. Mwaka huu ukaanza vilevile: tunakokota chambo nyuma ya boti asubuhi nzima, tunarudi mikono mitupu. Mimi nikajiona nimegundua kosa. Chambo chake cha manyoya alikifunga kwa uzi mnene kama wa kushonea magunia, na maji ya Mei ni maangavu, samaki wanauona. Basi Jumamosi, alipokuwa akinywa kahawa, niliukata nikafunga mwembamba, mrefu zaidi, nikaongeza chubwi ndogo ili chambo kishuke. Ziwani nikashika usukani, nikapunguza mwendo. Sikumwambia neno.

Tulipata samoni watatu na trauti mmoja. Babu aliimba njia nzima.

Dukani kwa Delmar wazee walimzunguka.

"Alden, umewanunua wapi hao?" Delmar akamtania.

"Mimi samaki wananijua," Babu akajibu. "Wewe wanajua harufu yako tu, ndiyo maana wanakimbia."

Walicheka sana. Kisha akawaambia siri ni uzi mnene, na mengine wawaachie watoto wa chuo kama mimi. Akanikonyeza.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilisema, mbele ya wote, kwamba uzi niliubadilisha mimi, na kwa uzi wake asingepata hata gamba. Nilisema kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Hakuna aliyecheka. Babu alichukua kofia yake akaenda kuketi garini.

Siku nne hakugusa boti. Baba akaanza kusema liuzwe.

Jana nilimfuata bandani kumwomba radhi. Nilimkuta na ndoana mkononi, akijaribu kupitisha uzi mwembamba kwenye tundu. Alikosa, akajaribu tena, akakosa kwa mbali.

"Siuoni, Thea," alisema. "Mnene naugusa kwa kidole. Mwaka wa pili huu. Usimwambie baba yako, atanikalisha dirishani na blanketi."

Shangazi, yeye ndiye aliyenifundisha fundo la kwanza nikiwa na miaka sita. Ubora wa uzi mwembamba aliujua kabla sijazaliwa. Nilichokiita ujinga yalikuwa macho yake, nami nikakitangaza dukani. Hata sasa naivunja siri yake kwako, kwa kuwa siwezi kuibeba peke yangu. Tafadhali usimwambie kaka yako.

Nimefunga nyuzi sita nyembamba, kila mmoja na chambo chake tayari, na juu nimeacha kitanzi kikubwa anachoweza kukinasisha kwenye mshipi kwa kugusa tu, bila kuona. Nimezipanga kwenye kopo lake la chambo. Kesho tunatoka, na atakayelifungua kopo mbele ya watu ni yeye. Akiulizwa nani kazifunga, ajibu apendavyo.

Nisalimie Mjomba Orrin na binamu yangu Faye. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu.

Mimi mpwa wako, mwenye upendo na uso uliofunikwa kwa aibu,

Thea