Nekesa Ambaye Hayupo

Jumatatu, 9 Januari 2006. Kitale

Sweta za kijani tangu asubuhi. Kesho za maruni. Mashine ya kufuma imelia mpaka masikio yameziba na vumbi la uzi limenijaa puani. Napenda mwezi huu. Shule zimefunguliwa, wazazi wamechelewa, wananibembeleza, nami najifanya mtu mkubwa.

Mchana nimekimbia zahanati. Tarehe ya sindano yangu ya kupanga uzazi ilipita nikiwa Chwele kwa mama mkwe. Krismasi ndefu, na kule nisingethubutu hata kuuliza zahanati iko wapi. Nesi amekataa kunidunga. "Mama, mimi sidungi mtu ovyo. Umechelewa sana. Ukuje ukiwa kwa siku zako, ama tukupime." Siku zangu? Sijaziona zaidi ya mwaka, tangu nianze hiyo sindano, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia ni kawaida. Basi nipimwe. Vipimo vimeisha. Nirudi mwisho wa mwezi. Nimecheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama.

Tatizo ni Wanyonyi. Aliingia Jumamosi na lori la mahindi, akaondoka jana. Mume akirudi safari amerudi. Ningemwambia nini?

Nikapita kwa kijana wa duka la dawa. Vidonge viwili vya dharura, kimoja sasa, kingine baada ya masaa kumi na mbili. Ana sauti kama ya mnadani. "Madam, hii si ya kumeza kila wiki! Na kama mimba iko tayari, haitoi! Ukitapika kabla masaa mawili kuisha, rudi!" Mama aliyekuja kununua dawa ya kikohozi akasahau kukohoa. Nilitamani sakafu inimeze. Nimekimeza cha kwanza palepale dukani.

Jumanne, 10 Januari

Cha pili alfajiri. Kufikia saa nne kichwa kinaelea. Nyuzi za maruni zinapanda na kushuka zenyewe, kama zinapumua. Maziwa yanauma. Nimeacha mashine, nikakaa kwenye ngazi kuangalia Elgon. Mlima haukuwepo, ukungu tu wa jua.

Kisha mama mkwe. Hakusema anakuja. Ametokea na mkungu wa ndizi kutoka Chwele, akanikuta nyuma ya bafu natapika. Akanishika kichwa kama mtoto. Mkono wake ni wa baridi na unanuka kitunguu. Nilitulia. Nilitaka auache hapo siku nzima.

Halafu akaanza kucheka.

Kumbe Krismasi yote alikuwa akiangalia kamba yangu ya nguo. Wiki baada ya wiki, hakuna kitambaa hata kimoja cha mwezi kilichoanikwa. Alinyamaza tu, akingoja. Na nguo yangu ya kanisani haifungi tena kiunoni, hilo pia aliliona. Sindano imeninenepesha. Sasa natapika. Hesabu yake imekamilika. "Hii si tumbo ya ugali, mama," akasema, na macho yamelowa.

Nimenyamaza. Yeye amesikia ndiyo.

Alhamisi, 12 Januari

Bado yuko. Anafagia, anaimba, ananikataza kubeba maji. Amemwambia mwanangu Brayo kwamba atapata mgeni. Brayo ana miaka sita, ameuliza kama mgeni atakuja na soda. Mercy bado mdogo, anarukaruka tu kwa sababu kaka yake anaruka.

Leo ameniambia ndoto yake. Nyanya yake, Nekesa, aliyekufa zamani, amemjia. Amesimama mlangoni, hasemi, ameshika kibuyu cha maziwa. Kwao, na kwetu pia, marehemu akija hivyo anataka jina. Na mama amehesabu miezi kwa vidole: mtoto atatua wakati wa mavuno. Nekesa ni jina la mavuno. Kila kitu kimejipanga.

Mimi ndiye uwongo katikati ya hayo yote. Sasa si mama mkwe tu ninayemdanganya, ni marehemu pia.

Jumapili, 15 Januari

Wanyonyi amepigiwa simu na mama yake. Amefika mchana na nyama ya kutosha harusi. Akanishika tumbo kwa mikono inayonuka dizeli, akafunga macho. Sijawahi kumwona vile. Mwili wangu ukafurahi kabla mimi sijaukataza. Aibu tupu.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilipomzaa Mercy nilivuja damu mpaka nikaona watu kwa mbali, wadogo. Daktari aliniambia peke yangu: mimba nyingine inaweza kuniua. Wanyonyi alikuwa barabarani. Sikumwambia. Mwanamke aliyefunga kuzaa mapema, watu wanaanza kumtafutia mume wake mwingine. Nimeshawaona. Nikaona heri sindano, kimya, kila miezi mitatu, na hakuna wa kujua. Ninaogopa kufa. Ninaogopa kuachwa. Sijui ni kipi zaidi.

Jioni mama amerudi Chwele, na amebeba ile furaha yake kwenda kuigawa sokoni. Wanyonyi nimemwambia najisikia mgonjwa. Ameshika mto wake, akalala na watoto.

Jumatano, 18 Januari

Matone ya damu. Kijana wa dawa alisema yanaweza kuja. Sasa kitambaa nimekianika ndani, chini ya sweta za watu, dirisha limefungwa.

Jumanne, 24 Januari

Nimesinzia kwenye mashine baada ya chakula. Jua liliingia mpaka miguuni. Akaja. Si nyanya mwenye kibuyu. Msichana, miguu mifupi, ameketi ndani ya kapu la uzi na ananitazama kazini kama mteja. Sikumwogopa. Nilimwambia asubiri nimalize mkono wa sweta, naye akaitikia kwa kichwa, sawa, atasubiri.

Nilipoamka nilikuwa na huzuni tamu ambayo siijui. Jioni nikajikuta nimeanza kufuma kitu kidogo kwa mabaki ya uzi wa manjano. Nimekifumua. Nimekifuma tena. Nimekifumua. Ni upumbavu. Na je, kama vidonge havikufanya kazi? Kama yuko kweli? Nusu yangu inaogopa kufa. Nusu nyingine imeshamchania nywele.

Jumatatu, 30 Januari

Vipimo vimefika. Nesi amenipa kikopo. Nimekaa kwenye benchi na mikono chini ya mapaja.

Hakuna mimba.

Nilipaswa kuruka. Nimezunguka nyuma ya zahanati, kwenye majani ya malenge, nikalia kama mtu aliyefiwa. Nani amekufa? Hakuna mtu. Nilikuwa nimepona na nilikuwa nalia.

Nesi alikuwa na sindano tayari. Nimemwambia nitarudi. Nimechoka kudungwa kwa kujificha. Kwanza niseme.

Jumamosi, 4 Februari

Nimesema. Wanyonyi alikuwa anakula. Nimesema yote, daktari, damu, sindano, vidonge, kipimo. Ameweka kijiko chini taratibu. Hakunipiga, hakupiga kelele. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Ulidhani mimi nitataka mtoto kuliko wewe?" Ndivyo nilivyodhani.

Amekwenda kulala kwenye lori.

Jumanne, 7 Februari

Bado amenuna. Salamu anatoa, chakula anakula, macho hayainui. Asubuhi ameniachia nauli ya Chwele mezani. Nimeelewa. Mama yake nimwambie mwenyewe.

Ijumaa, 10 Februari. Chwele

Nimemkuta nyuma ya nyumba anachambua vitunguu vya soko. Nimeketi na kuchambua naye. Ni rahisi kusema mambo wakati mikono ina kazi na macho yanatoka machozi tayari. Nimemwambia hakuna Nekesa. Nimemwambia kwa nini hakukuwa na vitambaa kwenye kamba. Nilingoja anitukane. Nilitaka, kusema kweli.

Amechambua kitunguu. Akachambua kingine. Kuku wakapita katikati yetu. Upepo ulikuwa wa joto na maganda yakawa yanatembea uani yenyewe, mepesi, mekundu, nami nikayaangalia tu.

"Nyanya alizaa kumi na moja," akasema mwishowe. "Ule wa mwisho ndio alienda naye, akimzaa. Labda hakukuja kuomba jina. Labda alikuja kukuangalia tu."

Nililia kwa sauti. Amenipa kona ya leso yake, imejaa vumbi.

Halafu, bila kunitazama: "Hiyo sindano. Inauma?"

Kidogo, nikasema. Inanenepesha. Siku zinapotea. Kichwa wakati mwingine. Na ukiiacha, mimba inaweza kukawia kurudi.

"Wanaweza kudunga Sella?"

Sella ni binti yake wa mwisho, ameolewa Matulo. Watoto watano, mmoja mgongoni. Krismasi alikuja akiwa amekonda, akasinzia akiwa amesimama jikoni. Sote tulimcheka.

Jumatano, 15 Februari. Bungoma

Tumefika kliniki mapema, mimi, mama, Sella na mtoto wake. Nimepimwa tena, nikadungwa. Mkono ni mzito kidogo. Sella amenyonyesha muda wote, ameshika kona ya rinda langu kama tuko sokoni na anaogopa kupotea.

Nesi wa hapa ni mkali. Amemuuliza Sella maswali mengi, presha, kichwa, ini, mtoto ana miezi mingapi. Amemweleza yote polepole. Akamuuliza kama bwana anajua. Sella akaangalia chini.

Mama akainuka kwenye benchi. Amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisani kichwani. "Mimi ndiye nimemleta," akasema. "Mimi ni mama yake. Dunga."

Nesi amemtazama. Kisha akamtazama Sella, na Sella akaitikia kwa kichwa, ndiyo, mwenyewe. Tumempokea mtoto, Sella akadungwa. Amelala kwangu njia yote mpaka kituoni, jasho lake limelowesha kifua changu, na sikumbadilisha upande.