Siku Niliyovua Barakoa Kazini

Shangazi Prisca,

Shikamoo. Mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nimepata kazi. Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi kuisoma tena. Mimi Devota wako ni msaidizi wa daktari wa meno, Moshi mjini, na jina langu liko kwenye kibao cha kifuani. Ulituacha wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, kwa hiyo hata cheti hukukiona. Nilifaulu, Shangazi. Nilifaulu vizuri.

Lakini kazi yenyewe ilinitoa jasho. Nilipeleka barua kliniki tano. Ya nne wakanipigia simu, nikapiga pasi ile sketi ya bluu uliyonishonea, nikaenda. Mama aliyenipokea alikuwa mchangamfu mpaka nilipotabasamu. Akayaangalia meno yangu haya ya kahawia, akaangalia cheti, akarudi kwenye meno.

"Binti, cheti chako kizuri," akasema, tena kwa upole. "Ila wateja wetu wanafuata meno meupe. Wakikuona wewe, wataniuliza nini?"

Nilichukua cheti changu, nikaaga. Nilitembea mpaka stendi nimefumba mdomo. Nilikumbuka shule ya msingi, walivyokuwa wananiita Kutu, na siku uliyofunga kanga kiunoni ukaja kumtafuta mwalimu mkuu. Safari hii hapakuwa na wa kufunga kanga.

Ya tano nilikwenda na barakoa. Daktari ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Moshi, anajua Kichagga cha kuombea punguzo sokoni. Hakushangaa, maana kwenye kazi yetu barakoa ni kama viatu. Akanipa siku tatu za majaribio. Nilifanya kazi, Shangazi! Kabla hajaomba kifaa, kilikuwa mkononi mwake. Mrija wa kunyonya mate niliushika bila kuelekezwa. Ila ikifika saa nne, wenzangu wakinywa chai na maandazi, mimi najifanya nina vyombo vya kuosha. Siku mbili nilishinda na njaa.

Siku ya tatu akaletwa msichana wa kidato cha pili kutoka Boma, huko huko kwetu chini, shavu limevimba. Hataki kufungua mdomo. Mama yake akambembeleza, akamfokea. Daktari akamtania kwa Kichagga. Wapi. Alibana midomo, machozi yanashuka, na mimi nikajua. Haikuwa hofu ya sindano. Mle ndani hakuna mwingine ambaye angejua.

Nikaifikiria kazi. Nikamfikiria yule mama wa kliniki ya nne. Halafu nikavua barakoa, nikamchekea, meno yote nje.

"Ya kwako yamefika rangi hii?" nikamuuliza.

Akafuta machozi. Kisha akafungua.

Alipoondoka, daktari alikuwa ananawa mikono. Hakugeuka.

"Kumbe ndiyo maana hunywi chai na sisi."

Akafunga bomba, akachukua taulo.

"Jumatatu saa mbili kamili uwe hapa. Na chai ni saa nne, kwa wote."

Niliingia stoo nikalia. Nikatoka, nikanywa vikombe viwili.

Sasa lile jambo lako. Ulipokuwa umelazwa ulinishika mkono ukasema, "Nisamehe mwanangu. Maji ya kisima changu ndiyo yaliyokuharibu. Ningekuacha kwa bibi yako huko juu Uru, ungekuwa na meno meupe kama yangu mimi niliyekulia huko." Nilinyamaza, nikakufunika shuka vizuri. Naogopa uliondoka ukidhani kimya kile ni lawama. Hapana, Shangazi, hapana. Chuoni walitufundisha kwamba ni madini ya floraidi, ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi hii, yamo kwenye maji ya huku chini, hayana rangi wala ladha. Hakuna mama anayeweza kuyaona ndooni. Wewe ulimwona mtoto wa mwaka mmoja aliyefiwa na mama yake, ukamteremsha mgongoni mpaka nyumbani kwako, Kwa Sadala. Maji yale yale ulinipikia uji, ukaniogesha, ukanipoza homa. Sikuharibika. Nilitakiwa kuyasema haya pale kitandani. Nayasema leo.

Nakuahidi, hakuna mtoto atakayekaa kwenye kiti kile akaona aibu mbele yangu. Na daktari akiniruhusu, nitakwenda shuleni kwetu kuwaeleza wazazi habari za maji hayo. Nimeshaanza kuandika nitakayosema.

Jumamosi napanda Uru kumsomea Bibi mkataba wangu wa kazi. Masikio ya mama yako yamekuwa mazito siku hizi, itabidi nipaze sauti, na majirani wote huko migombani watasikia mpaka kipengele cha likizo. Wacha wasikie.

Pumzika, Shangazi wangu. Umemaliza kazi yako.

Mwanao,
Devota, msaidizi wa daktari wa meno