Mwenye Kiwanda Amekaa Getini

4 Februari

Mwanangu Profesa,

Hujambo? Mkeo na mtoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha miaka yote niliyosimama jikoni pale shuleni. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana.

Kiinua mgongo changu kimetoka. Mjomba wako anataka nimpe chote, eti atanirudishia mara mbili baada ya miezi mitatu. Wewe uliyeajiriwa kuuza hisa, unaonaje? Au hela nizifiche tu chini ya godoro?

Mama yako

11 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, pole na magoti. Mjomba asiguse hata senti! Anayeahidi faida kubwa ya haraka isiyo na hatari anakudanganya, au kadanganywa yeye. Godoro nalo halifai. Bei hupanda mwaka hadi mwaka, ndio mfumuko wa bei wenyewe: hela itabaki ileile, ila unga utakaonunua utapungua.

Nusu ikopeshe serikali. Hiyo huitwa hatifungani, inakulipa riba kwa tarehe zinazojulikana. Iliyobaki nunua hisa za ile kampuni ya unga, nitakuunganisha na dalali. Hisa ni kipande cha umiliki: kampuni ikinenepa nawe unanenepa, ikikonda mnakonda wote.

Mwanao

2 Aprili

Profesa,

Habari za huko? Huku kwema. Nimenunua. Juzi nikaenda kiwandani kuona mali yangu. Mlinzi akauliza nina miadi na nani. Nikamwambia sina miadi, nina hisa. Akaniletea kigoda, akasema, "Basi mwenye kiwanda kaa hapa getini, wenzako wakifika nitakuita." Nimekaa mpaka jua likanichoma, huku naangalia wanavyoburuza magunia yangu chini.

Halafu gawio la mwezi huu liko wapi?

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima, maana mimi kichwa kinaniuma. Mama! Mwenye hisa haendi kukagua magunia! Kuna mkutano mkuu kila mwaka, maswali utauliza huko. Na gawio si mshahara. Ni sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wenye hisa, na mwaka ukiwa mbaya hupati kitu. Tafadhali, usirudi tena pale getini.

Mwanao

20 Juni

Profesa,

Wote hawajambo? Hisa zimeshuka bei. Mjomba wako anacheka mpaka anashika mbavu. Niuze?

Mama yako

27 Juni

Shikamoo Mama,

Hatujambo. Naandika haraka, kazi imebana. USIUZE. Hasara uliyonayo ni ya kwenye karatasi tu. Ukiuza leo ndipo inakuwa hasara ya kweli. Hisa ni za kuvumilia miaka, Mama, si nyanya kwamba zitaoza. Nimechoka kurudia.

Mwanao

15 Agosti

Mama,

Shikamoo. Dalali ameniambia umeuza hisa zote, tena bei ikiwa chini kabisa! Ni nini nilichoeleza hukukielewa? Hiki ni kiinua mgongo chako, huna kingine! Au umempa mjomba? Afadhali ungezitia kwenye jiko la shule zikaungua.

Mwanao

23 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Safari hii nauliza nikitaka jibu.

Nilikuelewa vizuri sana. Nilijua nauza kwa hasara, na nilimkatalia mjomba wako mbele ya shemeji zake. Hatifungani sijazigusa. Ila mkeo alinipigia simu analia. Kumbe kazi walikuachisha tangu Mei, na mwenye nyumba amewapa mpaka mwisho wa mwezi mhame. Unakaa huko na mtoto, njaa inawatafuna, unaniandikia mimi habari za uvumilivu! Nimekasirika, sikufichi. Nilipika miaka yote ile ili wewe ushindwe kuniambia una shida?

Hela nimemtumia mkeo. Wewe ningekutumia, ungeanza kunieleza.

Mama yako