Kifo cha suruali yangu ya kaki

Mama Neema mpenzi,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha suruali yangu ya kaki, kilichotokea hapa Matema ufukweni. Kwenye simu nilikuambia ni mbuzi aliyeirarua. Nilikuongopea.

Mkutano wetu na wenzetu wa Malawi, wa kuzuia watoto wasisafirishwe kwenda kutumikishwa, ulitaka igizo. Nikachaguliwa niwe mwizi wa watoto, eti nina kitambi cha kuaminika. Nikamshika mkono binti wa mjumbe mmoja, tukaelekea kwenye boti. Akina mama wafinyanzi waliokuwa pale ufukweni hawakuwa wameambiwa kuwa ni igizo.

"Baba, mtoto unampeleka wapi?"

Nikajibu nilivyokariri: "Mjini, kuna kazi nzuri."

"Kazi gani, na bado ana mapengo?"

Wakaniangusha kwenye udongo wa vyungu, suruali ikapasuka, mmoja akanikalia mgongoni. Nikapiga kelele, "Nisaidieni!" Wajumbe wakapiga makofi: naigiza vizuri!

Ukweli ni kwamba hata nilipotoa kitambulisho, bibi mmoja hakumwachia yule mtoto mpaka mama yake alipokuja mwenyewe. Nikamwambia bibi huyo kwa lugha ya huku, "Ndaga fijo," asante sana, na nilimaanisha.

Nimewakumbuka mno. Mbusu Neema, umwambie baba yake alikamatwa vizuri.

Baba Neema