Shemasi wa Waifai na Jina la Hospitali

Mbotela, Jumatano asubuhi

Mama Mutua, mke wangu,

Nina miaka sabini na sita. Nimezika ndugu zangu wote wanne, nimeishi kuwazidi wachongaji wote tulioanza nao hapa Jogoo Road, na hata yule daktari aliyesema vumbi la mbao litaniua nimemzidi. Kwa hivyo usishtuke kuona mwandiko wangu. Goti lako linasemaje? Ng'ombe amezaa? Mimi nakula, natembea, na patasi naishika imara kuliko vijana.

Lakini kwa simu nilikudanganya. Uliponiuliza kwa nini dada yako amesikia ninaugua, nilisema ni maneno ya watu wasio na kazi. Sasa soma polepole.

Jumapili shemasi wetu Musyoka, huyu anayetuuzia waifai sisi wapangaji wa ploti, alisimama kanisani akasema tumwombee mzee Kilonzo, Mungu amguse tezi dume. Mbele ya watu wote. Sikuwa nimemwambia mtu, hata wewe. Nikawaza ni nani anashika simu yangu, nikaona ni mmoja tu, Mwende mke wa mwanetu Mutua, anaponiletea chakula kutoka kwao mtaa wa Fedha. Alipokuja Jumatatu nilimrudishia sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ikiwa imejaa, pale mlangoni, majirani wakitazama. Wewe unajua ni aibu gani baba mkwe kukataa chakula cha mke wa mtoto wake. Aliibeba, akaondoka.

Jana nikamwendea Musyoka aniambie alisikia kwa nani. Hakuficha. Alinionyesha kwenye simu yake orodha ya majina ya kurasa ambazo kila mtu wa ploti anafungua kwa waifai yake. Kwa simu yangu kulikuwa na hospitali ya saratani, mara kumi na moja.

"Nilidhani unaona aibu kuomba maombi, mzee," akasema. "Nikakuombea mimi."

Na anasema kwa upole, kama mtu aliyekufanyia wema. Nikatoka nikiwaza, si yeye, bali ile sufuria niliyomrudishia Mwende bure.

Nikaenda kwa Nduta, fundi wa simu pale barabarani. Alinieleza Musyoka haoni ninachosoma, lakini kabla ya kufungua ukurasa simu huuliza njia kwa kutaja jina la huo ukurasa, na mwenye waifai anasikia. Kuna namna ya kuifanya iulize kwa siri. Akanyoosha mkono apewe simu, nikakataa. Mimi nimechonga twiga waliopanda ndege kwenda Ulaya, nitashindwa na kioo? Nikabonyeza vile vidoti vitatu vya kivinjari, nikaingia Mipangilio, nikaingia Faragha na usalama, nikawasha DNS salama, ndiyo hiyo ya kuuliza njia kwa siri. Nikajisifu. Nduta akacheka.

"Baba, bado unamuuliza yule yule. Umeacha mtoa huduma wa hapo hapo kwenye waifai. Chagua mwingine."

Nikachagua mwingine, kidole changu mwenyewe.

Nikarudi kwa Musyoka, nikafungua ukurasa wa hospitali mbele yake, nikamwambia haya tafuta. Akatafuta mpaka chini. Aliona jina la yule mtoa huduma tu, hospitali hakuna. Nilitaka kumcheka, lakini aliniangalia akauliza taratibu, "Kwa hivyo ni kweli, mzee?"

Ni kweli, Mama Mutua. Alhamisi ya wiki ijayo wanakata kinyama kidogo wakakipime. Daktari amesema nije na mtu. Sitaki Mutua, atalia. Njoo wewe, ufike Jumatano.

Jana jioni nilifika Fedha. Kuomba msamaha sijui, niliomba chakula. Mwende alinipakulia bila kuniangalia, halafu akaniongezea. Barua hii anakuletea yeye. Hajaisoma.

Nisalimie dada yako, umwambie alisikia sawa. Msalimie mkamua maziwa wetu, na mwalimu wa Jumapili aliyenifundisha herufi nikiwa na mvi.

Ukiona nimeongeza chumvi, ya waifai muulize Nduta, ya kanisani muulize Musyoka, ya sufuria Mwende yuko hapo mbele yako. Lakini kwamba mimi naogopa, hakuna mwingine wa kushuhudia ila wewe.

Mumeo,
Kilonzo