Talaka Iliyokuwa Mkononi Mwangu

Kairuani, baada ya mavuno ya zeituni

Kwa dada yangu Tamima, niliyelala naye tumbo moja,

Nakusalimu salamu za mtu aliyekukumbuka hata kabla barua yako haijafika. Magoti yako yanasemaje na unyevu wa huko Mahdia? Shemeji je, na wanao, na yule mdogo aliyekuwa akikohoa? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mafuta ya mwaka huu ni mazuri, nimekuwekea mtungi kwa huyu anayekuletea barua. Usiwagawie majirani.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Dada, umenisema. Umeandika kwamba nimemwaibisha marehemu baba, na kwamba hata huko pwani wanawake wanasimuliana habari za Wasila mgumba aliyemwacha mke mwenziwe kwa wivu. Haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ngoja nikuonyeshe wa hiki changu.

Unakumbuka siku ya ndoa yangu baba alivyong'ang'ania sharti la wasichana wa mji wetu. Khalfun akioa juu yangu, mimi nitashika talaka moja: nikitaka nimwache huyo mke wa pili, nikitaka nijitoe mwenyewe na mahari yangu. Moja tu, nikiitumia imekwisha. Khalfun alikubali huku akicheka, akasema mke wa pili wa nini, ulimi wa huyu mmoja unamtosha.

Miaka ikaenda, mimba haikushika. Mama mkwe, Bi Ghaliya, alininywesha kila kinachopita kooni na vingine visivyopita. Nimefukizwa, nimechanjwa chale, nimelazwa na kitunguu saumu mahali nisipopataja, ili asubuhi waninuse kinywa wajue kama njia zimefunguka. Kinywa kilinuka, dada, na hakuna aliyefurahi. Tabibu mmoja mzee akasema basi tukojolee shayiri, mimi chungu changu na Khalfun chake, tuone ya nani itaota. Bi Ghaliya alivitupa vyungu vyote viwili jalalani. "Mwanangu si punda wa mnadani akaguliwe," alisema. Mambo yakaishia hapo, na jina la mgumba likabaki langu.

Mwishowe nikachoka. Nikamwambia Khalfun aoe, ila sharti langu silifuti. Akamleta Zahwa, binti wa mfuma mazulia, msichana wa kucheka hata akimenya vitunguu. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Aliniita bi mkubwa, alinisuka nywele, akaniibia lozi zangu akidhani sioni. Majirani walingoja tushikane mashungi, wakangoja mpaka wakakata tamaa.

Tumbo lake nalo kimya. Mafusho yakahamia chumbani kwake. Siku moja Bi Ghaliya akaleta mwanamke wa kumchoma kwa chuma cha moto chini ya kitovu, na mimi ndiye niliyeambiwa nishike miguu. Niliishika, Tamima. Kelele zile sitakuandikia. Tangu siku hiyo kicheko kiliisha nyumbani. Tulipokuwa tukianika zabibu darini akaniuliza taratibu, "Bi mkubwa, yaani sote wawili ni tasa, nyumba moja?" Alikuwa ameshajijibu.

Akamwomba Khalfun amwache, Khalfun akakataa katakata. Zahwa akienda kuzaa kwingine, si mji mzima utajua chungu cha nani kisingeota? Khalfun si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na mama yake mwoga kuliko yeye.

Basi sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Talaka ile nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Kila Bi Ghaliya aliponitukana niliikumbuka, kama mtu anayepapasa ufunguo kiunoni, nikajiambia ipo siku nitatoka nije nikae kwako Mahdia. Lakini damu yangu imeshaanza kukatika, dada. Nikitoka, natoka kwenda kuzeeka. Yule bado ana umri wa kubeba. Nikaenda kwa kadhi, nikamwacha yeye.

Kadhi akaniuliza sababu. Ningesema ukweli, nani angemposa mwanamke aliyekaa miaka mitatu ndani bila mimba? Nikasema, "Nina wivu. Sitaki kumwona." Mashahidi wakacheka. Bi Ghaliya alinitemea mate pale pale mlangoni. Zahwa nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu, hata mama yake. Alilia kweli kweli, watu wakadhani anaililia ndoa.

Eda ilipokwisha akaolewa na mfinyanzi mmoja, na mwaka haujageuka kajifungua mtoto wa kiume. Ungedhani sasa watu watajiuliza. Wapi! Wanasema nilikuwa nimemfunga tumbo kwa uchawi, alipotoka kwangu likafunguka. Khalfun naye anasema hivyo hivyo, na tangu aanze kuamini amenenepa.

Juzi nilikwenda kuoga hamamu ya mji, siku ya wanawake. Zahwa alikuwa pale na mama yake, amempakata mtoto. Kisigino kidogo chekundu kilikuwa kimechomoza kwenye nguo. Nikasogea nimpe salamu tu, sikutaka hata kumshika. Zahwa akanitazama, kisha akavuta shuka akamfunika mtoto uso, jicho langu lisimpate. Sijui alimwogopa mama yake, au naye ameshaamini. Niliumia, Tamima, niliumia kuliko siku zote za mafusho na chale. Nilioga, nikarudi nyumbani, nikapika.

Usinitetee kwa mtu huko. Ukinitetea, maneno yatarudi huku yamfuate yule binti, na talaka nimeshaitumia, sina tena cha kumwokolea. Wakikwambia mdogo wako ana wivu, waitikie. Siku ile kwa kadhi nilisema uongo. Hamamuni ilikuwa kweli.

Nibusie wanao, mmoja mmoja, na yule mdogo mara mbili. Mpe asali kwa kile kikohozi. Shemeji msalimu kwa heshima, na magoti yako uyakande kwa hayo mafuta kabla hujayamaliza jikoni.

Ni mimi mdogo wako, wa hapa hapa nilipo,

Wasila